Kitanzi Kimoja, Ushuru Tofauti: Historia ya Nguo za Kufuma Forodhani

Leo tuache kando kidogo habari za seva na lugha za programu, tuzungumzie hifadhidata moja kongwe ambayo karibu kila nchi duniani inaitumia, na ambayo watu wachache sana wamewahi kuisoma. Si ya Google wala ya benki. Ni orodha ya ushuru wa forodha. Kila kitu kinachovuka mpaka, kuanzia punda hadi setilaiti, kina namba yake humo. Fulana ni 6109. Sweta ni 6110. Soksi ni 6115.

Nimechagua nguo za kufuma kwa sababu ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi orodha hiyo ilivyopatikana. Ukiitazama kwa haraka utadhani ilitungwa na wataalamu watulivu waliokaa chini wakapanga vitu vya dunia kwa akili. Sivyo. Mistari mingi iliyomo ni ugomvi wa zamani uliogeuzwa kuwa namba. Wagombanaji walishakufa, lakini namba zao bado zinaamua nani alipe nini, na kiwanda gani kipate kazi. Sisi Wakenya tumeonja utamu wake na uchungu wake pia.

Kufuma na kufuma

Kiswahili kinatumia neno moja tu. Mama anayetengeneza sweta kwa sindano mbili anafuma, na fundi anayekaa kwenye kitanda cha mfumi naye anafuma. Forodha haikubaliani nasi. Kwao hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kitambaa cha kanga au cha shati la ofisini kina nyuzi zilizonyooka, yaani mtande, halafu mshindio unapita juu na chini yake. Kitambaa cha fulana hakina mtande wala mshindio. Ni uzi unaojipinda, kitanzi ndani ya kitanzi. Ndiyo maana ukivuta fulana inanyumbuka, na ukivuta shati unalichana. Chukua kioo cha kukuzia uangalie fulana yako upande wa nje, utaona safu za vijiherufi V vimepangana kama mahindi kwenye gunzi.

Sasa, katika orodha ya ushuru nguo za vitanzi ziko sura ya 61, na nguo zisizo za vitanzi ziko sura ya 62. Hilo ndilo swali la kwanza kuulizwa, kabla ya kujua kama ni suruali au gauni, ya kiume au ya kike. Mteja wa Gikomba anauliza saizi na bei. Hakuna anayeuliza vitanzi. Kwa nini basi forodha ianze na vitanzi?

Mtu wa Calverton na mashine yake

Jibu linaanzia Uingereza mwaka 1589, katika kijiji cha Calverton karibu na Nottingham. Huko William Lee, aliyekuwa mtu wa kanisa, aliunda mashine ya kufuma soksi. Mpaka wakati huo soksi zote zilifumwa kwa mkono, na maelfu ya maskini waliishi kwa kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hataza kwa kuhofia watu hao wangekosa mkate. Lee akahamia Ufaransa, akafa huko bila kutajirika. Ndugu yake James akazirudisha mashine Uingereza.

Mashine ile haikufanana kabisa na kitanda cha mfumi. Sehemu zake zilikuwa tofauti, mafundi wake walikuwa tofauti, na mwaka 1657 wakapata chama chao jijini London, mbali na chama cha wafumaji wa kawaida. Mwaka 1696 sheria ikakataza kuzipeleka mashine hizo nje ya nchi. Kwa hiyo tangu mapema tunaona makundi mawili ya watu, kila moja likiwa na chombo chake na mabwana wake wa kulitetea Bungeni. Serikali ilipoandika ushuru, iliandika kwa kufuata makundi hayo. Nguo za vitanzi zikawa na mstari wao kwa sababu watu wa vitanzi walikuwa na sauti yao.

Halafu watu wa vitanzi nao wakagombana wao kwa wao. Soksi nzuri hufumwa ikipata umbo pale pale kwenye mashine: fundi anapunguza na kuongeza vitanzi mpaka mguu unatokea. Lakini wenye mali waligundua njia rahisi: fuma kitambaa kipana, kikate kwa mkasi, shona pembeni. Soksi ya namna hiyo ni bei nafuu na inafumuka upesi. Mafundi wa Nottingham waliona jina la kazi yao linaharibiwa na mishahara inashuka. Mwaka 1811 wakaanza kuvunja mashine usiku. Hao ndio Waludi, ambao siku hizi jina lao linatumiwa kumtukana mtu yeyote asiyependa simu mpya. Kwa kweli hawakuchukia mashine, kwani walizitumia maisha yao yote. Walichukia kazi mbovu na malipo mabovu. Mwaka 1812 Bunge likapitisha adhabu ya kifo kwa kuvunja mashine, na mshairi Byron alisimama katika Baraza la Mabwana kuipinga.

Shikeni tofauti hiyo ya kufumwa kwa umbo na kukatwa kwa mkasi. Tutakutana nayo tena.

Ushuru mmoja hauhitaji orodha

Kabla ya kwenda mbele, tupite Zanzibar. Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alitia sahihi mkataba na Marekani, na ushuru wa bidhaa za Wamarekani ukawekwa asilimia 5. Basi. Marekani ileile iliyotupa jina la kitambaa cha merikani ililipa asilimia 5, iwe kitambaa au kitu kingine. Mkusanyaji wa ushuru, na maarufu kati yao alikuwa Jairam Shivji, hakuhitaji kujua kitambaa kimefumwa vipi. Alihitaji kujua thamani yake tu.

Hapa kuna jambo ambalo mwandika programu analielewa mara moja. Kama jibu ni lilelile kwa kila kitu, huhitaji masharti. Orodha ndefu inazaliwa pale viwango vinapotofautiana, na viwango vinatofautiana pale wenye viwanda wanapotaka kulindwa. Katika miaka ya 1890 sheria za ushuru za Marekani zilikuwa tayari zinatenganisha soksi zilizotengenezwa tu kwa mashine na soksi zilizopewa umbo kwenye mashine. Ugomvi wa Nottingham ulikuwa umevuka bahari na kuingia katika vitabu vya nchi nyingine.

Shida ni kwamba kila nchi iliandika kitabu chake. Brussels mwaka 1913, nchi 29 zilikubaliana orodha moja ya takwimu yenye makundi 186 tu. Shirikisho la Mataifa likatoa rasimu kubwa zaidi huko Geneva mwaka 1931, ikarekebishwa mwaka 1937. Baada ya vita, mkataba wa Brussels wa Desemba 1950 ukaleta orodha iliyoanza kutumika mwaka 1959. Humo nguo za vitanzi zilikuwa na sura yao, ya 60, na ziligawanywa kwa nguo za ndani na nguo za nje. Fulana ilihesabiwa pamoja na nguo za ndani! Wakati huohuo vijana wa dunia nzima walikuwa wameshaanza kuivaa barabarani.

Hata hivyo Marekani ilibaki na orodha yake. Ilionekana kwamba bidhaa moja ikisafiri kutoka nchi hadi nchi ingeweza kubadilishiwa jina na namba hadi mara 17 katika safari moja. Hebu fikirieni programu mbili zinazoongea, na kila ujumbe unatafsiriwa mara 17. Ndipo ukatungwa Mfumo Uliowianishwa, ambao mawakala wetu wa forodha wanauita HS. Mkataba wake ulitiwa sahihi Brussels tarehe 14 Juni 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Marekani ikajiunga nao mwanzoni mwa 1989. Mwenye kuutunza ni Shirika la Forodha Duniani.

Jinsi msimbo unavyofanya kazi

Tarakimu 2 za kwanza ni sura, 4 ni kifungu, 6 ni kifungu kidogo. Hizo 6 ni sawa duniani kote. Baada ya hapo kila nchi inaongeza zake: Jumuiya ya Afrika Mashariki inatumia 8, Marekani 10. Ni mti, kama mafaili ndani ya mafolda. Na masharti ya matawi yameandikwa katika maelezo ya mwanzo wa kila sura. Nikiyaweka kwa namna ya programu, kwa fulana ya kiume yanakuwa takriban hivi:

KAMA si ya vitanzi: nenda sura ya 62
KAMA ni ya mtoto mwenye kimo kisichozidi sm 86: 6111
KAMA ni nyepesi, haina kola wala vifungo, na haibani chini: 6109
KAMA ina kola na uwazi mbele: 6105
LAKINI KAMA ina mfuko chini ya kiuno, au inabana chini, au vitanzi havifiki 10 kwa sentimita: toka 6105, mara nyingi uende 6110

Hiyo ya vitanzi 10 si utani. Ofisa anahesabu vitanzi kwa upana na kwa urefu, kwenye eneo la angalau sm 10 kwa sm 10, halafu anatafuta wastani. Ukipungua, hilo si shati tena mbele ya sheria. Na vifungo navyo vina sheria: upande wa kushoto ukilalia wa kulia, nguo ni ya kiume, na kinyume chake ni ya kike, isipokuwa mkato wenyewe uonyeshe wazi vingine. Ikishindikana kujua, inaandikwa ya kike.

Kisha inakuja nyuzi. Nguo yenye mchanganyiko inahesabiwa kana kwamba yote ni ya uzi ule uliozidi kwa uzito. Zikilingana nusu kwa nusu, unachukua ile iliyo mwisho katika orodha. Pamba ni sura ya 52, poliesta iko mbele yake, kwa hiyo nusu kwa nusu ni poliesta. Mnaona inakoelekea? Kwa viwango vya msingi vya Marekani, fulana ya pamba inalipa asilimia 16.5 na ya poliesta asilimia 32. Shehena ya dola 100,000 inalipa dola 16,500 ikiwa pamba imezidi kidogo tu. Zikilingana, inalipa 32,000. Gramu chache zinagharimu dola 15,500.

Wadukuzi wa kwanza hawakuwa na kompyuta

Palipo na masharti, pana watu wanaotafuta mwanya. Mwaka 1881 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya sukari iliyotiwa rangi nyeusi ili ilipe kidogo, kwamba kutengeneza bidhaa yako iangukie kwenye ushuru mdogo si ulaghai, alimradi husemi uongo kuhusu ilivyo. Tangu hapo kazi hiyo ikawa halali. Ukiona blauzi ya kike ya vitanzi ya pamba ina kijifuko kidogo chini ya kiuno kisichotosha hata sarafu, usidhani fundi alikosea. Bila mfuko huko Marekani ni asilimia 19.7. Kwa mfuko inahamia kwa sweta, asilimia 16.5.

Udukuzi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa sweta. Kuanzia 1974 nchi tajiri ziliweka mpango wa kudhibiti nguo kutoka nchi maskini, si kwa ushuru tu bali kwa idadi: nchi fulani, fulana kadhaa kwa mwaka, zikiisha mlango unafungwa. Marekani ilizipa aina hizo namba zake, mfano 338 kwa mashati ya kiume ya pamba ya vitanzi na 345 kwa sweta za pamba. Lakini mpango ulitaja pamba, sufu na nyuzi za kiwandani tu. Haukutaja rami, mmea wa jamii ya upupu unaolimwa sana China. Kwa hiyo mapema miaka ya 1980 maduka ya Marekani yakajaa sweta za rami asilimia 55 na pamba asilimia 45. Hakuna mvaaji aliyeomba rami! Asilimia 55 ilitoka kwenye sheria, ili pamba isifike nusu ya uzito. Mpango ulipofanywa upya mwaka 1986, rami, kitani na michanganyiko ya hariri vikaingizwa. Kiraka kikawekwa, kama tunavyoweka sisi.

Mwanya mwingine ulikuwa kufuma vipande vya sweta China, kuviunganisha Hong Kong, na kutumia nafasi ya Hong Kong. Marekani ikaandika sheria mwaka 1994, ikaanza tarehe 1 Julai 1996: nguo iliyofumwa kwa umbo asili yake ni pale ilipofumwa, na nguo iliyokatwa na kushonwa asili yake ni pale iliposhonwa. Mnaitambua? Ni tofauti ileile ya Nottingham, miaka 185 baadaye.

Na sisi je?

Mipaka hiyo ya idadi ilitugusa. Mwaka 1994 Marekani iliwekea Kenya kikomo cha mashati na foronya. Kisha ikaja sheria ya AGOA ya Mei 2000, iliyoruhusu nguo za nchi za Afrika zilizotimiza masharti kuingia Marekani bila ushuru na bila kikomo, hata kwa kitambaa kilichonunuliwa Asia. Kenya ilikuwa ya kwanza kukubaliwa kwa nguo, Januari 2001. Mauzo yetu ya nguo huko yakapanda kutoka takriban dola milioni 44 mwaka 2000 hadi takriban dola milioni 277 mwaka 2004. Athi River na Mombasa zikajaa vyerehani.

Angalieni hesabu iliyokuwa nyuma yake. Fulana ya poliesta kutoka Asia ililipa asilimia 32, ya Kenya ililipa sifuri. Kwa pamba tofauti ilikuwa asilimia 16.5 tu. Kinga ya mshonaji wa Athi River ilitegemea mstari upi wa orodha nguo yake ilikaa. Na tarehe 1 Januari 2005 ile mipaka ya idadi iliyoanza 1974 ikaisha. China ikafunguliwa mlango. Ulaya yenyewe ilishtuka, na Agosti 2005 makumi ya mamilioni ya sweta, suruali na sidiria kutoka China yakakwama bandarini mpaka makubaliano mapya yalipofikiwa Septemba. Kwetu viwanda kadhaa vilifunga na maelfu wakapoteza kazi. Mashine zilikuwa zilezile, na wafanyakazi walewale. Kilichobadilika ni sharti moja lililofutwa Geneva.

Kwa upande wa kuagiza, Afrika Mashariki ilichukua njia inayokaribia ile ya Sultani Said. Ushuru wa pamoja ulioanza Januari 2005 uliweka madaraja matatu, 0, 10 na 25, na nguo zilizokamilika zikawa 25, za vitanzi na zisizo za vitanzi sawasawa. Julai 2022 daraja la nne la asilimia 35 likaongezwa na nguo zikaingizwa humo. Wakala wa Mombasa bado anachagua kati ya 61 na 62, tangu enzi za mfumo wa Simba ulioanza 2005 hadi iCMS uliofuata, lakini kwake kosa hapo mara nyingi linaharibu takwimu zaidi ya mfuko.

Mstari wenye uzito kwetu ni mwingine: 6309, nguo zilizovaliwa, yaani mitumba. Sharti lake ni mawili tu: nguo zionyeshe wazi kwamba zimechakaa kwa kuvaliwa, na ziletwe kwa jumla, kwenye marobota au magunia. Zikitimiza hayo, kila kitu tulichozungumza kinayeyuka. Vitanzi havihesabiwi, rami haitafutwi, vifungo havina kushoto wala kulia. Sweta iliyowahi kupigiwa darubini New York inaingia Mombasa kwa kilo, ikiwa imekumbatiana na jinzi na shuka.

Na hapo napo pana ugomvi. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vyake vipumue. Wauza mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Julai 2018 Rwanda ikasimamishiwa manufaa ya AGOA kwa nguo. Kenya ilikuwa imeshajitoa katika mpango huo wa kupandisha. Mama wa Gikomba na mshonaji wa Athi River wako pande mbili za kifungu kimoja chenye tarakimu 4, na sidhani kama kuna aliyewahi kuwaonyesha wote wawili kifungu chenyewe.

Neno kwa waandika programu

HS hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa: 1996, 2002, 2007, 2012, 2017, 2022, na toleo lijalo linaanza Januari 2028. Kila mara wanaotunza mifumo wanahamisha data na kulalamika. Ni haki yao. Lakini ukipewa jedwali la namna hii, usilichukue kama maumbile. Kila safu ilidaiwa na mtu. Sura ya 61 ilidaiwa na mafundi wa soksi na mabwana zao. Rami ilidaiwa na viwanda vya Marekani. Kenya ni mwanachama wa mkataba wa HS, na mapendekezo ya kubadili vifungu yanapelekwa na wanachama. Wenye viwanda wa nchi nyingine wanajua njia ya kufika Brussels, na ndiyo maana nguo zao zina mistari kumi na kikoi chetu hakina hata mmoja wa jina lake katika zile tarakimu 6 za dunia nzima.

Tukutane tena, na kabla ya hapo someni lebo za nguo zenu.